Dawa ya Paka na Dawa ya Jirani



Jumapili moja baada ya Ibada, mama mmoja wa mtaa wetu alitusimamisha nje ya mlango wa kanisa. Alitusalimu kwa heshima kama ilivyo desturi yake, "Shikamooni, walimu," nasi tukaitikia. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, akauliza, "Eti ni kweli mnamdunga paka sindano ya kisukari?" Tukamjibu kwamba ni kweli, asubuhi na jioni. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Na watu je?"

Hakusema zaidi ya hayo. Alituaga, akaenda zake na watoto wake, nasi tukarudi nyumbani kwa miguu bila kuzungumza sana. Maneno yale matatu yametukaa moyoni tangu siku ile. Tulifundisha katika vyuo vya ualimu kwa miaka zaidi ya 30, na mara nyingi tuliwaambia wanachuo wetu kwamba swali fupi la mwanafunzi lisijibiwe kwa hasira wala kwa kicheko, kwa maana mara nyingi ndilo lenye uzito kuliko yote. Basi yatupasa tufuate mafundisho yetu wenyewe. Mama yule aliuliza kwa maneno matatu. Sisi twaomba radhi kwa kumjibu kwa kurasa kadhaa.

Jinsi alivyokuja

Wengi wenu mwajua kwamba hapa Morogoro tuna bahati ya kuwa karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako vijana husomea udaktari wa mifugo. Kijana mmoja wa masomo hayo, ambaye hupanga chumba jirani na kwetu, ana tabia ya kuokota wanyama walioachwa. Siku moja alikuja na boksi la mabati ya rangi, na ndani yake alikuwamo paka dume, wa rangi ya kijivu, mwenye umri wa miaka kumi au zaidi, amekonda hata mbavu zahesabika. Wapangaji waliokuwa naye walihama wakafunga nyumba, naye akabaki barazani akisubiri mlango ufunguliwe. Alisubiri hapo wiki kadhaa.

Kijana akatuambia, "Babu, Bibi, naomba mnishikie huyu kwa wiki tatu tu, mpaka nimpatie mtu wa kumchukua." Tulikubali kwa sababu ya adabu yake kuliko kwa sababu ya paka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hakuwa wa kupewa jembe. Panya walipita mbele yake, naye akawatazama kama mzee atazamavyo watoto wakicheza mpira. Kwa hiyo tukamwita Mstaafu, tukawa wastaafu watatu katika nyumba moja.

Siku chache tu zilipopita tuliona mambo yasiyo ya kawaida. Alikunywa maji mengi sana, bakuli zima kwa usiku mmoja. Alikojoa mno. Alikula kwa pupa wala hakunenepa. Na tena alitembea vibaya: miguu ya nyuma hakuisimamisha juu ya vidole kama paka wengine, bali aliiburuza akikanyaga kwa kisigino. Kijana alipoona hayo alimpeleka kwa mwalimu wake. Damu na mkojo vikapimwa, na kwa kuwa sukari ya paka hupanda hata kwa hofu tu, walimpima tena siku nyingine. Jibu likawa lile lile. Mstaafu alikuwa na kisukari.

Sisi tulidhani kisukari ni ugonjwa wa watu. Kumbe paka naye ana kongosho kama sisi, na kongosho hilo hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari njia ya kutoka katika damu na kuingia katika nyama za mwili. Insulini ikipungua, au mwili ukiacha kuisikia, sukari hujaa katika damu huku mwili wenyewe una njaa. Ndiyo maana mgonjwa hula na kukonda. Paka wanaopata ugonjwa huu zaidi ni madume waliohasiwa, wenye umri mkubwa, wanene, wasiotembea sana. Ile namna ya kutembea kwa kisigino ni ishara kwamba sukari imekwisha kuumiza mishipa ya fahamu ya miguu.

Daktari wa mifugo alituambia bila kuficha kwamba njia ni tatu. Ya kwanza, kumtibu: sindano ya insulini kila baada ya saa 12, chakula cha nyama na samaki bila ugali wala wali, na kupima sukari kwa tone la damu ya sikio. Ya pili, kumlaza kwa dawa, afe bila maumivu. Ya tatu, kumwacha afe mwenyewe. Na hiyo, alisema, ni njia mbaya kuliko zote, maana kifo hicho si cha haraka. Akaongeza kwamba paka wengine wakitibiwa mapema na kulishwa vyema hufika mahali wakaacha kuhitaji sindano, lakini hakuweza kutuahidi hilo.

Tulichagua njia ya kwanza. Hatukuichagua kwa hoja wala kwa kutafakari sana. Tuliichagua kwa sababu alikuwa amelala juu ya kiatu cha mmoja wetu wakati daktari akisema. Twakiri hivyo, maana ni vyema msomaji ajue kwamba kutafakari kwetu kulikuja baadaye.

Hoja za wanaotupinga

Tangu hapo, kila siku saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, mmoja wetu hushika na wa pili hudunga. Habari ikaenea mtaani, na wengi walikuwa na neno la kusema. Twapenda kuzitazama hoja zao kwa haki, kama tulivyowafundisha wanachuo kufanya.

Hoja ya kwanza yasema: Paka ni paka. Hana cheo cha mwanadamu, hajui hata kwamba ametibiwa, wala hatatoa shukrani. Twakubali kwamba paka si mtu. Lakini kutojua hakuondoi maumivu. Mtoto mchanga hajui jina la ugonjwa wake, lakini hulia. Na ikiwa wema wetu wangoja shukrani ndipo utendeke, basi huo ni biashara. Wahenga walitufundisha kutenda wema na kwenda zetu.

Hoja ya pili yasema: Huyu ni mzee. Angekuwa paka mchanga, yafaa. Lakini mzee wa nini? Hoja hii, ndugu zetu, sisi hatuwezi kuisikiliza kwa utulivu. Tumepita miaka 60. Twajua jinsi ilivyo kuketi katika foleni ya hospitali na kuona macho ya vijana yakituhesabia miaka iliyobaki. Anayesema kwamba uzee ni sababu ya kutosha ya kuacha kumhudumia kiumbe, na aangalie asije akawafundisha watoto wake somo atakalolipokea yeye mwenyewe siku moja. Tena paka huyu hakuwa na kosa ila kuzeeka mikononi mwa watu waliomchoka.

Hoja ya tatu ndiyo ya yule mama, nayo ndiyo yenye nguvu: Na watu je? Insulini ni dawa ya watu. Wako watu wanaoihitaji na hawaipati. Je, ni haki kuiweka katika mwili wa paka?

Jibu tulilokuwa nalo mwanzoni

Kwa muda tulikuwa na jibu, nalo si jibu baya, kwa hiyo twalieleza.

Tulisoma habari za dawa hii. Mwaka 1889, huko Ujerumani, mabwana wawili waganga, Minkowski na von Mering, walimwondoa mbwa kongosho, wakaona kwamba akapata kisukari. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyojua ugonjwa huu watoka wapi. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, Banting na Best walifanya majaribio yao juu ya mbwa, wakipata maji ya kongosho na kuwadunga mbwa wenye kisukari mpaka sukari ikashuka. Mbwa wengi walikufa katika kazi hiyo. Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu na kufa, alidungwa dawa ile. Naye akaishi miaka mingine 13. Kabla ya hapo mtoto mwenye ugonjwa kama wake alikuwa akisubiri kifo tu. Haki ya kuitengeneza dawa hiyo iliuzwa kwa Chuo Kikuu mwaka 1923 kwa dola moja tu kwa kila mgunduzi, ili isiwe mali ya mtu mmoja.

Tangu hapo, kwa muda wa miaka 60 hivi, insulini yote ya watu ilitoka katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe yaliyokusanywa machinjioni. Ile inayotengenezwa kwa bakteria ilipata kibali cha kwanza nchini Marekani mwaka 1982 tu. Wazee wetu waliougua kisukari hapa nchini zamani waliishi kwa dawa iliyotoka katika mwili wa mnyama. Na hili liliwezekana kwa sababu viumbe hawa hawako mbali nasi. Insulini ni mnyororo wa viungo 51. Ya nguruwe hutofautiana na ya mwanadamu mahali pamoja tu, na ya ng'ombe hutofautiana na ya paka vilevile mahali pamoja tu.

Basi sisi tulisema hivi: Mbwa waliteswa, ng'ombe na nguruwe walichinjwa, ndipo mwanadamu akapata dawa hii. Je, mwanadamu akimrudishia mnyama mmoja matone mawili, amemwibia nani? Si zawadi hiyo. Ni kulipa deni, tena deni kubwa kwa malipo madogo. Tulilipenda jibu hili. Tulilisema kwa watu waliokuja kututembelea, nao wakatikisa kichwa wakisema, "Kweli, walimu."

Kisha tulikuwa na jibu la pili, ambalo lilitupendeza zaidi kwa sababu liliwageuzia wengine kidole. Tulisema: Mbona hakuna aliyetusimamisha mlangoni mwa kanisa kutuuliza juu ya michango ya harusi? Mwaka huo kadi za michango zilituijia mara tisa. Tulitoa kwa ajili ya ukumbi, mapambo, muziki na keki, na hakuna aliyesema, "Na wagonjwa je?" Mtu akitumia fedha yake kwa soda na vitambaa vya mezani ni mstaarabu, akiitumia kwa kiumbe mgonjwa, ati amepotoka. Hoja hiyo nayo ina ukweli wake. Lakini hoja yaweza kuwa kweli na bado mwenye kuisema akawa amejificha nyuma yake.

Hesabu

Sasa twafika mahali ambapo tungependa kupita haraka, lakini hatutapita.

Mwezi wa kwanza tulinunua insulini ya chupa. Chupa ile ni ya mililita 10, nayo ina yuniti 1000. Mstaafu alianza kwa yuniti moja, kisha daktari akampandisha hadi yuniti 2 asubuhi na 2 jioni. Karatasi ya maelezo iliyomo katika boksi yasema kwamba chupa ikisha kufunguliwa itumike kwa siku 28, kisha itupwe. Msomaji na apige hesabu pamoja nasi. Yuniti 4 kwa siku, kwa siku 28, ni yuniti 112. Toa katika 1000. Zabaki yuniti 888.

Siku ya 28 ilipofika tulifuata maelezo kama watu watiifu. Tukamwaga.

Baadaye daktari wa mifugo alituambia kwamba iko insulini ya namna ya kalamu, yenye mililita 3 tu, yaani yuniti 300, nayo yamfaa paka zaidi. Tukahamia hiyo. Hatukuiwaza tena ile chupa.

Jirani yetu, upande wa pili wa ua, ni mwalimu mwenzetu. Tulifundisha naye chuo kimoja kwa miaka mingi. Yeye alishika hisabati. Mkewe alifariki miaka michache iliyopita, naye anaishi na mjukuu wake anayesoma sekondari. Tulijua kwamba ana kisukari. Alikuwa nacho tangu kabla ya kustaafu. Tulimwona kila siku, tukasalimiana juu ya ua, "Umeamkaje, mwalimu?" "Salama tu." Na salama ikawa ndiyo habari yetu yote juu yake.

Jioni moja mjukuu alikuja mbio akasema, "Bibi, Babu hawezi kuvaa kiatu." Tukaenda. Mguu ulikuwa na kidonda chini ya kidole gumba, cha muda mrefu, naye hakukisikia, kwa sababu ile ile iliyomfanya Mstaafu atembee kwa kisigino. Tukatafuta gari, tukampeleka hospitali. Daktari alimpima, akamuuliza anadunga kiasi gani. Mzee akatazama chini. Alikuwa ameandikiwa yuniti 30 kwa siku, 20 asubuhi na 10 jioni. Kwa muda wa miezi minne alikuwa akidunga 15 tu kwa siku, ili chupa ichukue muda mrefu zaidi, kwa maana fedha ya pensheni ilikuwa imekwenda katika mahitaji ya shule ya mjukuu. Hakumwambia mtu. Mwalimu wa hisabati alikuwa ameigawa dawa yake kwa mbili.

Tulipokuwa tukirudi naye, alituambia jambo moja. Alisema, "Asubuhi nilikuwa nikiona taa yenu inawaka saa 12, najua paka amepata dawa yake. Basi nami nakumbuka yangu." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama habari tu, tena kwa namna ya kutushukuru. Laiti angelisema kwa uchungu. Tungepata la kujibu.

Usiku ule hatukulala. Mmoja wetu alichukua kalamu na karatasi. Yuniti 30 kwa siku, kwa siku 28, ni yuniti 840. Sisi tulimwaga 888.

Ni kweli kwamba dawa ya jirani si ya namna ile ile, na daktari ametuonya kwamba mtu asichangie chupa na mwingine, sembuse na paka, wala asibadilishe namna ya insulini bila kuagizwa. Tumelieleza hili ili mtu asije akafanya kosa kwa kusoma habari hii. Yale tuliyoyamwaga hayangemfaa yeye moja kwa moja. Lakini fedha iliyoinunua chupa ile ingemfaa. Na kile kilichokuwa kikimpungukia kwa mwezi, tulipokiuliza hatimaye, kilikuwa pungufu ya tulichokitumia kwa vikaratasi vya kupimia sukari ya Mstaafu.

Kosa lilikuwa wapi?

Sasa mtu atasema: Mwaona? Yule mama alisema kweli. Mwacheni paka.

Sisi tulifikiri hivyo pia, kwa siku mbili tatu. Lakini tulipolichunguza jambo tuliona kwamba si hivyo. Kabla ya Mstaafu kuja, jirani yetu alikuwa na kisukari, nasi hatukumuuliza. Kama Mstaafu asingalikuja, fedha ile isingalivuka ua kwenda kwake. Ingalikwenda katika kadi ya kumi ya harusi, au ingalikaa benki. Paka hakumnyang'anya mzee kitu. Kilichomnyang'anya ni lile neno "salama tu", ambalo yeye alilisema kwa aibu nasi tukalipokea kwa uvivu.

Twajua katika Injili yuko mtu aliyelalamika juu ya manukato ya thamani yaliyomwagwa kule Bethania, akisema yangeuzwa dinari 300 na kupewa maskini. Mwandishi wa Injili atuambia kwamba mtu yule hakuwajali maskini. Zamani tulifurahia kulitumia fungu hilo dhidi ya wanaotupinga. Sasa twaogopa kulitumia, maana twajua kwamba yule mama aliwajali watu kweli, na sisi wenyewe ndio tuliotumia hoja nzuri ili tusiulizwe zaidi. Deni la mwanadamu kwa wanyama ni la kweli. Lakini tulilitaja deni la mbali, la Toronto na la machinjioni, huku deni la upande wa pili wa ua halijaandikwa popote.

Kwa hiyo, baada ya kufikiri sana, twatoa maoni yetu kama ifuatavyo, nayo ni maoni ya walimu wawili tu, wala si fundisho la Kanisa.

Kwanza, upo utaratibu wa mahitaji. Kama ingalikuwapo dawa moja tu, na paka na mtu wanaihitaji, ni ya mtu, wala hakuna mjadala. Na hapo paka asitupwe barabarani; alazwe kwa dawa na mtu anayemjua, akiwa ameshikwa. Hata kumnyima kuna namna ya haki.

Pili, mara nyingi sana sivyo jambo lilivyo. Twapenda kuliweka swali kana kwamba kuna mizani yenye paka upande mmoja na mtu upande mwingine, na mengine yote tuliyo nayo tumeyaweka kando yasipimwe. Anayetaka kuuliza "Na watu je?" ana haki, lakini na aulize mbele ya kila matumizi, kuanzia na yake.

Tatu, tusimtwike mwenzetu mzigo tuliouchagua sisi. Mama mwenye watoto wanne na mshahara mdogo, paka wake akipata kisukari, hana dhambi akiamua alazwe. Sisi tuna pensheni wawili, watoto wamekwisha kujitegemea, na muda tunao. Wema wa mstaafu usifanywe fimbo ya kumchapia mwenye njaa.

Nne, na hili ndilo tulilojifunza kwa aibu: huruma haina budi kutazamwa yaelekea wapi. Iko huruma ifungayo mlango. Mtu humpenda mnyama wake kwa sababu mnyama haombi karo, hana kiburi cha kukataa, wala hasemi "salama tu". Ni rahisi kumhudumia. Basi mtu hukaa humo, akaridhika kwamba yeye ni mwema. Na iko huruma ifunguayo mlango: ile ile sindano, yule yule paka, lakini mkono uliozoea kumshika mmoja hutambua dalili kwa mwingine. Sisi tulijua kutembea kwa kisigino maana yake nini. Tulijua kiu ya usiku maana yake nini. Elimu hiyo paka ametufundisha bure. Kosa letu ni kutoitumia kwa mtu tuliyemsalimu kila asubuhi.

Mambo yalivyo sasa

Kidonda cha jirani yetu kilichukua miezi mitatu kufunga. Kidole hakikukatwa, tumshukuru Mungu. Dawa yake sasa hununuliwa kwa wakati. Namna inavyonunuliwa ni habari yake na yetu, wala yeye hapendi itangazwe. Alikataa kwanza. Akasema yeye si ombaomba. Tukamwambia kwamba katika nyumba yetu hata paka anapata, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mkewe afariki, kisha akakubali.

Kila jioni saa 12 kasorobo huvuka ua na boksi lake, kwa kuwa macho yake hayaoni vyema mistari ya bomba la sindano. Mmoja wetu humsomea. Yeye hudunga, kisha Mstaafu hudungwa, kisha wote wawili hula. Mzee humwambia paka, "Mwenzangu, wewe mbili, mimi kumi, nani mkubwa?" Mstaafu hatembei tena kwa kisigino kama mwanzo, ingawa bado hujikwaa akiruka. Hajaacha kuhitaji sindano, wala hatujui kama ataacha. Kuna usiku mmoja sukari ilishuka mno, akatetemeka na kulegea, tukampaka asali kwenye ufizi kama tulivyofundishwa, tukakesha naye. Asali ile ilikuwa ya jirani. Alikuja nayo mwenyewe akiwa na taa ya mkono, ametangulia mjukuu.

Yule kijana bado hajapata mtu wa kumchukua Mstaafu. Wiki tatu zimekuwa mwaka na miezi minne. Hatumkumbushi.

Kwa yule mama, ambaye hatumtaji jina lakini atajitambua: tunakushukuru. Swali lako lilikuwa sahihi, nasi tulilijibu vibaya moyoni siku ile. Tuna ombi moja kwako na kwa wote wasomao gazeti letu. Katika mtaa wetu wamo watu wenye kisukari kuliko tunavyodhani. Watu hawa husema "salama tu". Kila mmoja wetu na achague mmoja wao, amwulize swali la pili baada ya salamu: dawa ipo? yatosha mpaka lini? miguu umeitazama leo? Sisi tumeanza kuandika majina katika daftari la mazoezi, kurasa za nyuma. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo una vipimo vya sukari vya paka.